Kisanduku cha Tatu

Mimi ndiye karani. Nilipewa kalamu mbili,
daftari, na fomu zenye visanduku viwili:
NAUNGA MKONO. NAPINGA.
Ukumbi wa Kaloleni, saa nne asubuhi,
viti vya plastiki vya kukodi,
vingine bado vimefungwa utepe wa harusi ya Jumamosi.

Mhandisi Murungi akafunua ramani ukutani.
Mstari wa buluu, mwembamba kama mshipa wa mtoto,
ukitoka uwanja wa ndege,
ukipanda nguzo kando ya mbuga
ili mgeni amwone twiga kabla hajaiona hoteli.
"Dakika kumi na tisa," alisema,
akiitamka tisa kama mtu aliyeichonga mwenyewe.
Makumbusho, kituo. Westlands, kituo.
Hoteli, kituo, hoteli.
Juu ya Kaloleni palikuwa na nukta ya kahawia.
Nikaisogelea.
Lilikuwa tone la chai.

Kasyoki, dereva wa watalii, hakungoja maikrofoni.
"Miaka kumi na moja nawapokea pale nje
na kibao chenye majina nisiyoweza kuyatamka.
Kati ya ndege na hoteli ndipo penye mkate wangu:
swali la kwanza, kicheko cha kwanza, bahashishi ya kwanza.
Foleni mnayoilaani ndiyo iliyosomesha wanangu."
Nikaandika: Napinga.

Chemutai, muuguzi, sare chini ya sweta,
macho mekundu ya zamu ya usiku:
"Mimi naitaka. Ipite popote, mradi ipite.
Nimetoka Pumwani usiku wa mvua, viatu mkononi.
Lakini niambie, ya mwisho inaondoka saa ngapi?"
"Itategemea ndege ya mwisho," akajibu mhandisi.
Chemutai akaketi.
Nikaandika: Naunga. Nikafuta. Nikaandika tena.

Bi. Shamsa wa chama cha mahoteli alizungumza taratibu,
pete zake zikigonga meza kila nukta:
"Mgeni akikwama barabarani saa tatu,
mwaka ujao anakwenda Kigali.
Na akienda Kigali, shuka zangu atazilalia nani?"
Watu wakacheka.
Mimi sikucheka. Shuka hizo
mama yangu ndiye anayezipiga pasi.

Ndipo akasimama Bi. Nekoye,
muuza mapazia ya mitumba kando ya reli ya zamani,
mwenye X nyekundu ukutani tangu juzi,
rangi yenyewe haijakauka vizuri.
Hakuuliza swali. Alifunga leso kiunoni, akasema:

*Reli mwaiita njia, kwetu sisi ni ukuta,*
*Yapita ikikimbia, wageni inawavuta,*
*Nasi tunaangalia, vumbi machoni twafuta,*
*Kituo mmekifuta, kodi bado twalipia.*

Kimya. Kisha vigelegele viwili, vitatu.
Mhandisi akanigeukia:
"Huyo mwandike anapinga."
"Sikupinga," akasema Nekoye. "Nimeomba kituo."

Nikatazama fomu. Hakuna mahali pa kituo,
wala pa shairi.
Nikachukua kitambulisho changu, nikakifanya rula,
nikachora kisanduku cha tatu.
Beti halikuenea. Neno la mwisho
lilitoka nje, likasimama pambizoni peke yake,
*twalipia*, kama abiria aliyeachwa.

Saa sita kasoro, gari moshi la mizigo
likapiga honi nyuma ya ukumbi.
Watu wa Kaloleni tukanyamaza.
Hatukuambizana; tunajua mabehewa yake
kama tunavyojua ngazi za nyumbani gizani.
Mhandisi hakujua. Alianza kujibu
yakiwa yamebaki tisa au kumi,
midomo ikicheza, mkono ukikata hewa,
na vioo vya dirisha vikitetemeka kwa niaba yake.
Lilipokwisha kupita alikuwa amemaliza,
anakunywa maji.

Kazi yangu ni kuandika ninachosikia.
Katika daftari, jibu lake
ni mstari mmoja mtupu.